Kihambani (shamba la nyumbani) kwa Mama, Marangu

Aneth 07:12
Bwana asifiwe familia. Masika hayo yanakaribia, na kivulini nyuma ya jiko kwa Mama pamejaa magugu tu. Tupande iliki. Inapenda kivuli na unyevu, ikishashika ni miaka, hupandi tena kila msimu. Magimbi yakae kule chini kwenye mfongo, mfereji wa maji. Deo, uko Muheza, tuletee machipukizi ya iliki kutoka Amani.

Aneth 09:40
Watu tisa mmesoma. Semeni basi.

Kaka Frank 09:58
Kivuli chenyewe ndiyo tatizo. Ule mti wa mruka ukatwe, jua liingie, tuweke parachichi.

Aneth 10:01
Kaka usianze. Kahawa ya Mama inasimama kwa huo mruka. Ni jamii ya kunde, majani yake yanarutubisha udongo. Tupunguze matawi ya chini, inatosha.

Mama Joy 10:15
Ukikatwa, mbao zitaenda zilikoenda za mringaringa?

Kaka Frank 10:16
Hilo tulilimaliza Pasaka.

Mama Joy 10:16
Mlilimaliza nyie wawili.

Deo 12:31
Iliki naleta. Ila maua yake yanatokea chini kabisa, shinani. Yule jogoo wa Mama atavuna kabla yetu 😂

Vicky 12:33
Jogoo naye ana urithi kihambani 😂😂

Joy 12:34
Aingie sufuriani kabla ya masika 🍗

Aneth 12:50
Jamani, miche! Shina hadi shina mita 2, matandazo ya majani ya migomba, na jembe lisizame, mizizi ya kahawa iko juujuu. Kuvuna ni kama mwaka wa 3, tukikosa masika haya tumejichelewesha wenyewe. Nani anatoa nauli ya mzigo?

Baba Mkubwa 18:05
Nimesoma yote. Mruka huo aliupanda marehemu baba yenu, mimi nikimshikia mche. Haukatwi. Na habari ya mringaringa, Frank uje kwangu na isale, jani la kuombea msamaha.

Aneth 18:06
Tumesikia Baba Mkubwa.

Kaka Frank 21:47
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesikia.

Deo 21:55
Machipukizi 20 yapo. Nipakie basi la Jumamosi au nisubiri?

Aneth 21:56
Pakia, yafunge kwenye gunia lililoloa. Nauli natanguliza, mtanirudishia. Kaka Frank, unakuja lini Marangu? Mama Joy, ulizia wavu wa kuku.

Mama Joy 22:10
Isale kwanza.

Vicky 06:20
Jumamosi hii au ijayo?