Tupeane uzoefu: simu kukatika safarini, mnara hadi mnara

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za humu. Barabara ya Arusha–Namanga naipita sana kikazi, na simu hunikatikia sehemu zilezile. Salio lipo, chaji ipo. Waliokutana na hili, hasa madereva na mafundi wa minara, mliligunduaje?

Dereva wa lori
Mkuu, mimi navuka hapo kwenda Nairobi. Ukianza kuongea upande wa Tanzania, ukishaingia Kenya simu inakufa tu. Minara ya nchi mbili kwa kawaida haikabidhiani simu. Yako inang'ang'ania mnara wa nyumbani mpaka mawimbi yaishe, ndipo inatafuta mtandao wa huko na kujisajili upya. Siku hizi nikikaribia mpaka namwambia bosi nitampigia nikimaliza forodha.

Mfanyabiashara wa mpakani
Kwangu ni kinyume. Nipo dukani Tanzania, simu inashika mtandao wa Kenya na salio linakatwa kama niko nje. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua mtandao wangu mwenyewe badala ya kuiachia simu. Imetulia.

Fundi wa minara
Jamani, ukiwa unaongea, simu yako haijiamulii kuhama. Inapima mawimbi ya minara jirani na kutoa taarifa. Kwenye 2G hufanya hivyo kama mara mbili kwa sekunde, ikitaja majirani hadi sita wenye nguvu zaidi. Anayeamua ni mtandao, na mtandao unafuata orodha ya majirani. Mnara usiokuwemo kwenye orodha unaweza kuwa mbele ya macho yako na simu isihamishiwe.

Kuna barabara moja ya mlimani tulipata malalamiko ya kona ileile. Tukapita na gari la vipimo, simu zinapigwa mfululizo, kompyuta inarekodi. Kumbe mnara mpya ulijengwa nyuma ya kilima na wa zamani hauna habari zake. Tukaandika ujirani pande zote mbili, zikaacha kukatika. Hatukufunga kifaa kipya hata kimoja.

Tatizo jingine ni seli mbili (yaani maeneo yanayohudumiwa na antena za minara) kulingana nguvu, simu ikarushwa huku na huku. Tunaweka sharti: jirani azidi kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kadhaa, kwa muda fulani, ndipo simu ihame. Sharti likiwa kali mno, hendova, yaani kuhamishwa kwa simu, inachelewa na simu inakatika. Treni ya SGR ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa inakula mita 44 kila sekunde, kwa hiyo mpangilio wa mtembea kwa miguu haumfai abiria wake.

Mwanafunzi, Ujerumani
Ndani ya jengo letu mawimbi ni hafifu, napiga kwa waifai. Zamani nikitoka tu mlangoni simu inakatika. Nikawasha VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G, sasa inahamia 4G na ninayeongea naye hajui.

Mwanzisha mada
Fundi, hapo kwenye orodha umenigusa. Kwangu ni nikishapita Longido naelekea Namanga. Huduma kwa wateja niwaambie nini?

Fundi wa minara
Ukisema tu "mtandao mbovu" hawatafika popote. Wape eneo kutoka kwenye ramani ya simu, saa, ilikuwa 4G au 2G, na ulikuwa unaelekea wapi. Mwelekeo usiuache, maana ujirani unaweza kuandikwa upande mmoja tu. Ukienda inakatika, ukirudi haikatiki.

Mwanzisha mada
Ndivyo ilivyo kabisa! Nikirudi Arusha haijawahi kukatika pale. Kesho asubuhi nawapigia.