Ada ya kufungua chupa mnachukua, kuifungua hamjui! Bordeaux za zamani zinafia mezani hapa Dodoma

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa wenye migahawa na hoteli za Dodoma. Mtu ametunza waini nyekundu ya Bordeaux, Ufaransa, tuseme Saint-Julien ya 1990 au Pauillac ya 1996, miaka yote hiyo, anaileta mezani ili watu sita au wanane waonje kitu ambacho hakitengenezwi tena. Mgahawa unatoza ada kwa kila chupa, kisha ndani ya dakika kumi mhudumu ameshaiua. Hiyo ada inalipia nini hasa? Kama ni kukalia viti, chakula tumeshalipia.

Tuanze na mashapo, maana hapo ndipo madudu yanapoanzia. Waini nyekundu ya Bordeaux ikikaa miaka 20 na zaidi, tanini (ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu) na rangi hushikana, huwa nzito na kuzama. Ule unga wa kahawia chini ya chupa si uchafu wala sumu, lakini ukitibuka unakwaruza ulimi kama majani ya chai yaliyochemshwa kupita kiasi, na harufu yote inafunikwa. Ndiyo maana chupa inatakiwa isimame wima saa 24 kabla ya chakula, siku mbili ni bora zaidi. Mteja makini anaipeleka jana yake na kuomba isimamishwe mahali pa baridi. Akifika anaikuta imelazwa juu ya friji ya soda, pale pale joto la mota linapopandia. Mhudumu anaikamata shingo, anaizungusha mezani ili kila mgeni aone lebo. Kazi ya siku nzima imeharibika kwa sekunde tano!

Kisha kizibo. Vizibo vya mashamba makubwa ya Médoc, eneo la Bordeaux zinakotoka hizo Pauillac na Saint-Julien, ni virefu, vingi vinafika sentimita 5, na baada ya miaka 30 vimekuwa laini kama mkate uliolowa. Mnaleta kizibuo cha mabawa ambacho chuma chake ni kama keekee: kinatoboa katikati na kuacha shimo, ukivuta unabaki na unga. Au mnaleta kile kifupi, kinashika nusu ya juu tu, nusu ya chini inabaki ndani, na mhudumu anaisukuma kwa kidole. Kwa kidole, wakuu! Kinachofaa ni kizibuo cha meno mawili. Unaingiza jino refu kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha jino fupi, unasukuma kwa kuyumbisha pole pole hadi meno yazame yote, halafu unazungusha huku ukivuta. Usisukume kwa nguvu, kizibo kitaangukia ndani. Kama hamna, tumieni kizibuo chenye waya mrefu ulio wazi katikati, ukiingia hadi karibu na mwisho wa kizibo. Kabla ya hapo, kata karatasi yote ya shingoni na ufute mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji safi. Ukungu mweusi juu ya kizibo ni kawaida, haimaanishi waini imeoza.

Kumimina ndiko kunakotia uchungu zaidi, kwa sababu hakuhitaji fedha. Weka tochi ya simu au mshumaa nyuma ya shingo, jagi la kioo mkono wa pili. Mimina taratibu kwa mkupuo mmoja bila kuinua chupa, maana ukiinua na kuinamisha tena, wimbi linarudi nyuma na kutibua kila kitu. Macho yawe kwenye bega la chupa, si kwenye jagi. Ukiona nyuzi kama za moshi zinapanda begani, acha. Utabakiza kama vidole viwili vya waini chini, na hizo ziache hapo hapo. Kizibo kikivunjika, pitisha kwenye kichujio cha chai cha chuma chenye matundu madogo, kilichosuuzwa kwa maji ya moto. Kitambaa kinachonukia sabuni hapana.

Joto sasa. Mnasema "inanywewa kwa joto la chumba". Chumba gani? Hiyo kauli ilitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi, kabla ya mitambo ya kupasha joto. Chumba cha Dodoma mwezi wa kumi na moja kinafika nyuzi 28, na kwa nyuzi hizo pombe inapaa puani huku harufu za mwerezi, tumbaku na majani makavu zikipotea. Nyuzi 16 hadi 18 ndizo zinazotakiwa. Simamisha chupa kwenye friji hadi ifike hapo, bila kuitikisa. Mhudumu akiambiwa waini ina joto anatumbukiza barafu kwenye glasi! Najua tabia hii imetoka kwenye waini tamu za hapa kwetu, ambazo ni changa na zinanywewa baridi kali, na hakuna ubaya. Tatizo ni kuihudumia chupa ya miaka 30 kwa mazoea yale yale. Na huu ndio mji wa zabibu. Makutupora, Hombolo, Bihawana, kote huko watu wanajua joto linavyoharibu waini. Ni aibu jambo hilo litokee hapa.

Kingine: 1855 SI MWAKA WA MAVUNO. Lebo ikiandikwa "Grand Cru Classé en 1855" inamaanisha shamba lilipangwa daraja mwaka huo, kwa ajili ya maonyesho ya Paris. Mwaka wa zabibu ni namba nyingine. Na namba hiyo muionyeshe kwa mteja kabla ya kufungua, maana 2009 na 2013 kutoka shamba moja ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na kachumbari yenye pilipili na ndimu msiilete kabla hatujaiagiza. Pilipili inafanya tanini ichome, ndimu inaifanya waini ya zamani ipwaye. Mbuzi wa kuoka taratibu kwa chumvi na kitunguu saumu anatosha sana, pilipili ikae kwenye kibakuli chake.

#2 – Kibaigwa Road
Mkuu mleta uzi, uliyosema ni kweli, ila wateja nao waguswe. Chupa inapanda SGR Dar asubuhi, jioni iko mezani, halafu mhudumu analaumiwa kwa mashapo. Chupa iliyosafiri ipumzike wiki moja angalau, wima siku mbili za mwisho. Kwenye buti la gari juani ndiyo usiseme: ukiona kizibo kimesukumwa juu kidogo, au waini imevuja chini ya karatasi, hiyo imepikwa. Na wahudumu wengi hawajapewa hicho kizibuo cha meno mawili. Anayepaswa kubanwa ni mwenye mgahawa.

#3 – Mama Zabibu
Mmesahau harufu ya boksi lililolowa. Hiyo ni kizibo kilichoathirika, na haitoki hata ukiiacha wazi usiku kucha. Haidhuru mwili ila waini imekufa. Kwa hiyo mwenye chupa aonje kwanza, mililita 20 hivi, KABLA jagi halijazungushwa. Kinachoudhi ni mhudumu kumimina glasi nane kwa mkupuo na kugundua mwishoni. Au anachanganya chupa mbili kwenye jagi moja, moja ikiwa mbovu basi zote zimekwenda.

#4 – Ndulwa
Nakataa kwenye kuachia hewa. Kuna migahawa inafungua saa nne kabla "ipumue". Ya 1982 hiyo unaiua, harufu inaondoka wakati wageni bado wanatafuta maegesho. Kanuni yangu: zaidi ya miaka 30, mimina kwenye jagi wageni wakiwa wameshakaa. 2005 au 2010 za ukingo wa kushoto wa mto (upande wa Médoc), zenye zabibu nyingi za Cabernet Sauvignon, ziachie hewa kwa saa mbili hadi tatu. Pomerol na Saint-Émilion za ukingo wa kulia, za umri huo, saa moja inatosha, zabibu zake za Merlot ni laini zaidi.

Mleta uzi
#4 nakubaliana nawe. #2 pia, upande wetu tuna makosa. Kubwa ni kubeba chupa nane kwa watu wanane na kufungua zote kwa pamoja. Chupa ya mililita 750 kwa watu wanane ni kama 90 kila mmoja, ukitoa mashapo ni 85. Chupa nne kwa usiku mmoja zinatosha. Zipangwe mbili mbili: jozi ya kwanza za zamani na nyepesi, jozi ya pili zenye nguvu, kwa sababu ukianza na 2010 halafu uje kwenye 1985, ile ya zamani itaonekana maji. Glasi mbili kwa kila mtu kwa kila jozi, pana chini na mdomo mwembamba. Kabla ya jozi ya pili suuza glasi kwa tone la waini, si kwa maji ya bomba yenye klorini.

Wenye migahawa, tunachotaka kwa ada yenu ni hiki: kizibuo cha meno mawili kimoja, majagi mawili ya kioo yasiyonukia sabuni, rafu moja yenye kivuli na baridi, na mhudumu mmoja aliyefundishwa kumimina mbele ya taa. Mkishindwa hivyo, tuachieni tufungue wenyewe na ada ifutwe.