Stesheni ya Byglandsfjord, Norwei: ni nini kilichoifunga?

Mkazi wa Kamuli:
Hamjambo, ndugu. Marehemu babu yangu alipakia marobota ya pamba Namasagali, ambako treni ya kutoka Jinja ilikutana na meli za Ziwa Kyoga. Kwa hiyo nimeguswa kusikia kwamba huko Norwei, katika mji mdogo wa Byglandsfjord, treni ya kutoka Kristiansand iliishia vivyo hivyo ukingoni mwa ziwa, na abiria wakaendelea na safari kwa meli ya mvuke iitwayo Bjoren. Naomba mnieleze kwa nini stesheni hiyo ilifungwa.

Fundi mstaafu, Tororo:
Mjukuu wangu, tatizo lilikuwa upana wa njia, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya reli. Reli ya bonde la Setesdal, iliyofika Byglandsfjord mwaka 1896, ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, kipimo ambacho mhandisi Carl Abraham Pihl alikitetea kwa sababu kilipunguza gharama katika nchi ya milima. Sisi Uganda tulipewa 1,000. Mwaka 1938 reli kuu ya milimita 1,435 ilifika Kristiansand, na kipande cha kutoka mjini hadi stesheni ya Grovane kikajengwa upya kwa kipimo hicho. Tangu hapo mabehewa ya bondeni hayakuweza kupita Grovane, na mizigo ikalazimika kushushwa na kupakiwa tena, kazi ambayo mtu aliyewahi kuifanya haisahau.

Mwalimu, Kasese:
Shikamoo, mzee. Nakubali kuhusu upana, lakini njia ile iliendelea kufanya kazi kwa miaka 24 baada ya badiliko hilo, kwa hiyo naona tuutazame na mzigo wenyewe. Mgodi wa nikeli wa Flåt, karibu na Evje, ulifungwa mwaka 1946, kisha malori yakazidi kuchukua biashara, hadi njia ikafungwa Septemba 1962. Sisi ambao reli ilitufikia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe tunaelewa stesheni inavyopungukiwa mgodi unaponyamaza.

Fundi mstaafu, Tororo:
Marahaba, mwalimu; hoja ya mgodi ina uzito. Niongeze kwamba tangu mwaka 1964 kuna watu wanaohifadhi kipande cha kuanzia Grovane, na treni ya mvuke bado hubeba wageni hapo. Bjoren nayo, iliyoundwa mwaka 1866, ilikarabatiwa ikarudi ziwani.

Mkazi wa Kamuli:
Nawashukuru sana. Je, yupo mwenye picha ya gati la Namasagali kabla ya maji kupanda?