Mto Msimbazi: tuweke vipimio vya maji na ving'ora, au watu wa bondeni wahame tu?

Chumvi ya Mezani: Wakuu, tujadili bila siasa. Kila masika Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa tahadhari ya mvua kubwa Dar, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba. Sawa. Lakini mtu wa Jangwani, hapa bondeni Dar, ana shida gani na Tanga? Anataka kujua Msimbazi umefika wapi saa hii. Kwa nini kila daraja lisiwe na nguzo yenye namba, kuanzia Ulongoni huko hadi Vingunguti, na kijana wa mtaa wa kusoma na kuwapigia simu walio chini ya mto? Maji yakigusa alama nyekundu, king'ora. Au tuendelee na kuhamisha watu?

Kijiti: Hiyo nguzo Jumatatu inawekwa, Ijumaa iko kwenye mzani wa skrepa. Vijana wa Kigogo mnawajua au mnawasikia?

Zawadi wa Mkwajuni: Kihamishwe kwanza kichwa chako. Wengine tulikuwa hapa kabla hujapanda basi kuja mjini. Halafu mnaosema "hameni", depo ya mwendokasi pale Jangwani alijenga mama ntilie? Ilijengwa na wasomi, na ramani zao mkononi, na mabasi yakalowa.

Kijiti: Dada, mimi nimesema Kigogo, wewe wa Mkwajuni umewashwa na nini?

Geji Mbili: Naomba niongee kitaalamu kidogo. Nguzo peke yake haitoshi. Mto huu unaanzia milima ya Pugu, ni mfupi, mvua ikipiga huko juu maji yanafika chini ndani ya saa chache, wakati mwingine Jangwani jua linawaka. Kusoma asubuhi na jioni, kama wanavyofanya kwenye mito mirefu, hapa ni bure. Inatakiwa usomaji wa kila baada ya dakika chache mvua ikinyesha, usiku pia, pamoja na vipima mvua vya huko Pugu na Kisarawe. Pili, mchanga na taka vimepandisha sakafu ya mto. Alama ya mita 2 ya mwaka juzi si mita 2 ya leo, lazima upimwe upya kila baada ya mafuriko. Tatu, bahari. Bamvua, yaani bahari ikijaa sana, likikutana na mto uliojaa pale daraja la Salenda mto unapoingia baharini, maji hayana pa kwenda, yanarudi majumbani.

Kariakoo Asilia: Maelezo mazuri mkuu. Ila turudi kwenye skrepa. Mifuniko ya chemba mtaani kwetu imeisha yote, sasa tunaziba kwa tairi. Wanunuzi wanajulikana, wana mizani hadharani.

Baba Shani: Hapo ndipo penyewe. Wafungeni wanunuzi muone.

Mwana wa Kigogo: Ninyi mnatutukana tu. Mimi nauza vyuma chakavu, nina leseni, nasomesha watoto. Hiyo mifuniko mnayoililia, nani anaing'oa saa nane usiku na gari? Kijana wa Kigogo ana gari?

Kijiti: Kumbe mwenye mzani yuko humu humu 😂

Mwana wa Kigogo: Tukana, ila mwaka ule wa 2012 maji yalipokuja, hao unaowaita wezi ndio waliobeba wazee mgongoni.

Kariakoo Asilia: Ni Desemba 2011, kaka. 2012 ndiyo watu wako Mabwepande walikohamishiwa, kwenye mahema.

Zawadi wa Mkwajuni: Na wengine wakauza viwanja wakarudi. Mabwepande unauza chapati kwa nani? Nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi inakula faida yote. Desemba 2015 watu wa serikali wakaja na rangi nyekundu, alama ya X, tingatinga nyuma. Sasa mtu huyo ukimpigia king'ora, atakimbia maji au atadhani ni bomoabomoa?

Geji Mbili: Hilo ni swali zuri sana kwa mpango wowote wa tahadhari. Anayepiga king'ora asiwe yule yule anayechora X. Awe mjumbe wa nyumba kumi, mtu ambaye mtaa unamwamini.

Baba Shani: Mjumbe wetu mwenyewe ndiye aliyeuza kiwanja ukingoni mwa mto, na mhuri akagonga.

Chumvi ya Mezani: Wakuu, mada.

Mwana wa Kigogo: Mada ni kwamba mmetuita wezi. Kijiti aombe radhi.

Kijiti: Naomba radhi kwa vijana wa Kigogo wasio na mizani.

Nipo Magomeni: Sijasoma yote. Jangwani panapitika saa hizi?

Baba Shani: Zunguka Salenda.

Nipo Magomeni: Salenda foleni haijasogea. Maji Jangwani yamefika wapi?

Mwana wa Kigogo: Muulize Kijiti, yeye ndiye anayejua kila kitu cha huku. Hiyo radhi sijaikubali.