Nairobi hadi Loiyangalani kwa pikipiki: tujiandae kwa hatari zipi?

Mwendo_Pole (Kasarani)
Ndugu zangu, mimi na rafiki yangu tunakusudia kuondoka Nairobi mwezi wa Aprili, tupitie Isiolo na Laisamis hadi Loiyangalani, kisha tuzunguke kwa njia ya North Horr na jangwa la Chalbi hadi Marsabit. Kila mmoja wetu ana pikipiki yenye tangi la lita 12. Wengi tuliowauliza wametutajia majambazi tu, wakaishia hapo. Naomba mtueleze ni mambo gani mengine yanayoweza kutudhuru tukishaiacha lami.

Fundi_Spana (Kariobangi)
Ndugu, kabla ya yote ningekushauri ubadilishe mwezi. Aprili ni katikati ya masika, na Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale: wakati wa kiangazi unapita juu yake bila taabu, lakini mvua ikinyesha udongo ule wa chumvi hugeuka tope linalojaza nafasi kati ya gurudumu na madigadi hadi gurudumu likatae kuzunguka. Makorongo nayo, yale tuyaitayo laga, huweza kufurika hali mbingu iko wazi juu ya kichwa chako, kwa kuwa mvua imenyesha milimani, mbali na ulipo. Subirini Julai.

Kuhusu mafuta, kutoka Laisamis hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 200 za changarawe, na mchangani pikipiki hunywa kuliko kwenye lami. Petroli ya chupa hupatikana vijijini, ila huwezi kujua imechanganywa na nini, kwa hiyo jazeni kila mnapokuta kituo halisi na mbebe akiba. Bebeni pia tyubu za magurudumu yote mawili, kebo ya klachi, kiungo cha cheni na pampu ya mkono. Miiba ya migunga haichagui tairi jipya wala kuukuu.

Bi_Helmeti (Lang'ata)
Fundi amesema vyema kuhusu chombo, lakini anayechakaa kwanza ni mwendeshaji. Hewa kavu ya kule hukausha jasho kabla hujalihisi, hivyo mtu huishiwa maji mwilini akidhani yu mzima, kisha huanza kuumwa kichwa, kukosea gia na kuamua mambo ya kipuuzi. Lita 5 za maji ya kunywa kwa mtu kwa siku nazihesabu kuwa chache, na muongeze chumvi za kurudishia maji mwilini. Msivue jaketi kwa sababu ya joto. Mawe ya volkano karibu na Ziwa Turkana, huko Loiyangalani, yana makali.

Usiudharau upepo pia. Mitambo 365 ya kufua umeme haikusimamishwa upande ule kwa bahati. Upepo hutoka kusini-mashariki, na mkielekea kaskazini utawasukuma kutoka ubavuni, nanyi mko juu ya kokoto zinazoteleza. Punguzeni mwendo na msifunge mizigo mirefu juu. Usiku msiendeshe kabisa, hata kwenye lami ya Marsabit: ngamia haonekani mpaka umemfikia, na akigongwa kiwiliwili chake humwangukia mwendeshaji.

Mzee_wa_Isiolo
Nakubaliana na waliotangulia, ila suala la majambazi lisipuuzwe. Wizi wa mifugo na mapigano ya kulipiza kisasi hutokea, hasa upande wa Baragoi na bonde la Suguta, na hali hubadilika kwa siku chache. Taarifa ya wiki iliyopita haitoshi. Kila asubuhi waulizeni polisi na madereva wa malori waliotoka mnakokwenda. Mkiambiwa msubiri, subirini.

Mwendo_Pole (Kasarani)
Nawashukuru sana. Safari tumeisogeza hadi Julai. Je, tukipata ajali mahali pasipo na mtandao wa simu?

Bi_Helmeti (Lang'ata)
Kodisheni simu ya setilaiti na mjiandikishe mapema kwa huduma ya ndege ya wagonjwa; AMREF wanayo kutoka Uwanja wa Wilson. Mwachieni mtu mmoja Nairobi njia yenu kwa maandishi, pamoja na saa ambayo, msipompigia, ataanza kuwatafuta. Msiachane njiani: wa mbele asimame kila asipomwona wa nyuma kwenye kioo.