Maumivu ya mgongo yanayoendelea baada ya pingili kuunganishwa kwa vyuma

Mwalimu wa Mumias

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti ya Kakamega. Mapema mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili mbili za kiunoni kwa skrubu na vyuma, baada ya kuteswa kwa miaka mingi na maumivu yaliyokuwa yakishuka kutoka kiunoni hadi kwenye wayo wa mguu wa kushoto. Mguu umepona kwa kiasi kikubwa, nami namshukuru Mungu na madaktari kwa hilo, lakini mgongo wenyewe haujatulia. Nikisimama ubaoni vipindi viwili mfululizo, kiuno hukaza na kuchoma, na kesho yake hata kuinama nifunge kamba za viatu huwa ni taabu. Jamaa zangu wanasema vyuma vimelegea na vinapaswa kutolewa. Wengine wanasema ni baridi tu. Kwa sasa ninanunua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwenye duka la dawa na kuimeza karibu kila siku. Naomba kuelezwa na waliopitia njia hii, au wanaoijua kitaalamu: je, maumivu ya namna hii yanatarajiwa, nitajuaje kama kuna kilichoharibika, na mtu huendeleaje na kazi akiwa nayo?

Mama wa Kibuye

Pole sana, mwalimu. Mimi huuza vitambaa katika soko la Kibuye hapa Kisumu, na vyuma vyangu vina miaka kadhaa sasa. Kilichonisumbua kuliko maumivu yenyewe ni kutoaminiwa, kwa sababu kovu limefichwa na nguo, na anayekuona ukitembea wima hudhani umepona na unakwepa kazi. Nilimwomba mume wangu anisindikize kliniki asikie kutoka kwa daktari mwenyewe, na tangu hapo mambo ya nyumbani yalibadilika: beseni la kufulia likawekwa juu ya meza, jiko likainuliwa ili nisipike nikiwa nimeinama, na maji wakawa wanateka vijana. Robota za sokoni hubebwa na mtu wa mkokoteni, na ninaona fedha hizo ni sehemu ya matibabu.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: badilisha mkao kabla maumivu hayajaja, usisubiri yaje. Wagonjwa wengi ninaowafahamu huamka siku moja mgongo ukiwa mwepesi, wakafanya kazi zote zilizokuwa zimelala, kisha wakashindwa kutoka kitandani siku zinazofuata. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo nimeiacha kabisa, na ndani ya matatu sikubali kiti cha nyuma kilicho juu ya magurudumu, hata nikiambiwa gari linajaa na niharakishe.

Mtaalamu wa tibamaungo, Kisumu

Mwalimu, wagonjwa wenye hali kama yako ninawahudumia mara kwa mara, na naomba nianze na kazi ya vyuma hivyo. Skrubu ni kama mbao zinazoshikilia zege mpaka likauke. Kinachounganisha pingili hasa ni mfupa uliopandikizwa, ambao huhitaji kati ya miezi 6 na 12, na pengine zaidi, kushikana. Isitoshe, upasuaji wa aina hii huondoa maumivu ya mguu yanayotokana na neva iliyobanwa kwa uhakika zaidi kuliko unavyoondoa maumivu ya mgongo wenyewe. Kwa hiyo unayoyapitia hayashangazi, na hayana maana kwamba ulizembea.

Hata hivyo, chanzo lazima kitafutwe, kwa kuwa matibabu hutofautiana. Huenda mfupa haukushikana, jambo linalowapata zaidi wavutaji wa sigara na wenye kisukari, na picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka) hulionyesha vizuri kuliko eksirei ya kawaida. Pingili iliyo juu ya zile zilizounganishwa hubeba mzigo zaidi na inaweza kuchakaa, ingawa mara nyingi hilo huchukua miaka. Kiungo kinachokutanisha uti wa mgongo na nyonga nacho huweza kuuma, kwa kawaida upande mmoja, karibu na tako. Misuli iliyodhoofika kabla na baada ya upasuaji ndiyo ninayoishuku kwanza kwa mtu anayeumia baada ya kusimama, lakini sitaki uniamini mimi bila kupimwa. Rudi kwa daktari aliyekupasua.

Akishathibitisha kwamba mfupa umeshika, tembea kila siku mahali tambarare, ukianza na dakika 10 na kuongeza polepole, na ufundishwe mazoezi ya kukaza misuli ya tumbo na matako. Chuchumaa kwa magoti na nyonga badala ya kukunja kiuno, na usiinue kitu huku ukijipinda.

Diklofenaki ya kila siku bila usimamizi inanitia wasiwasi, kwa kuwa huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mweleze daktari wazi kiasi unachotumia. Na iwapo utapata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, miguu ikaishiwa nguvu ghafla, au ukapata homa pamoja na maumivu yanayozidi, nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Msomaji wa Nakuru

Kuhusu kazi, mwalimu, mwombe daktari barua inayotaja waziwazi usichoweza kufanya, kisha umpelekee mwalimu mkuu ukiomba kiti kirefu cha kukalia unapofundisha na kupumzishwa zamu za uwanjani. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu, na ombi lililoandikwa lina nguvu kuliko malalamiko ya mdomo.

Mwalimu wa Mumias

Nawashukuru nyote. Nimeitenga diklofenaki mpaka nimwone daktari. Je, vyuma vitolewe au visitolewe?

Mtaalamu wa tibamaungo, Kisumu

Havitolewi kwa sababu ya maumivu peke yake. Daktari hufikiria kuvitoa au kuvibadilisha kukiwa na maambukizi, au skrubu iliyolegea, iliyovunjika au inayogusa neva, na hayo yote huthibitishwa kwa vipimo. Baridi haiharibu vyuma, ingawa misuli huweza kukaza, na kitambaa chenye joto kitakusaidia. Ukitakiwa kupigwa picha ya MRI, ambayo hutumia sumaku yenye nguvu, waarifu wahudumu mapema kwamba una vyuma. Beba pia picha zako zote, za kabla ya upasuaji na za baada, kwa kuwa daktari atahitaji kulinganisha skrubu zilivyokaa wakati ule na zilivyo sasa.