Je, ni wahamiaji kutoka vijijini wanaoufanya mji wetu ukue bila mpangilio?

Mkazi wa Chanika ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Nilinunua kiwanja Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, mwaka 2011, wakati huo eneo letu likiwa bado mashamba ya mihogo na mikorosho, na kutoka kwangu hadi barabara kubwa palikuwa na njia iliyotosha lori la mchanga. Leo njia hiyo imebaki uchochoro ambao watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kujibanza ukutani. Mwezi uliopita mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu usiku, na kwa kuwa gari haliwezi kufika, tulimbeba kwenye kiti hadi barabarani. Alijifungua salama, namshukuru Mungu, lakini tangu usiku ule moyo wangu haujatulia.

Jambo hili lilipoletwa kwenye mkutano wa mtaa, wengi walisema kwamba chanzo ni vijana wanaomiminika kutoka mikoani, na kwamba dawa ni kuwazuia huko huko kwao. Baba yangu mwenyewe alitoka Kilosa kuja kutafuta kazi bandarini, kwa hiyo maneno yale hayakunikaa vizuri, ila sikuwa na hoja ya kuyajibu. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: je, ni kweli wahamiaji wa vijijini ndio wanaoujaza mji huu? Na sisi tuliokwisha kujenga, ipo njia ya kupata barabara bila kubomoleana nyumba?

Mzee wa Tandika amejibu:

Ndugu, pole kwa yaliyowakuta. Mimi nimeishi Dar es Salaam tangu mwaka 1974, na kwa maoni yangu majirani zako hawajakosea sana. Kila alfajiri nawaona vijana wanaoshuka kwenye mabasi wakiwa na begi moja, hawana fani wala ndugu wa kuwapokea. Serikali ilikuwa na Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, na asiye na kazi ya kueleweka aliweza kurudishwa kijijini akalime. Najua kwamba sheria hiyo iliwaumiza wengi, lakini hofu yangu ni hii: vijiji vikibaki na wazee na watoto, shamba atalishika nani?

Mpima Mstaafu amejibu:

Shikamoo mzee wetu wa Tandika. Hofu yako naiheshimu, lakini kazi ya kupima ardhi niliyoifanya miaka mingi pembezoni mwa jiji hili imenifundisha jambo tofauti, na ningependa nilieleze kwa kirefu.

Tuanze na sensa. Mwaka 1967 Watanzania waliokuwa wakiishi mijini hawakufika hata saba katika kila mia moja, na mwaka 2022 walikuwa karibu thelathini na tano. Kwa muda mrefu katika kipindi hicho, wageni kutoka mikoani ndio hasa walioikuza Dar es Salaam, na hapo majirani wa muulizaji wana sehemu ya ukweli. Hata hivyo, kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani uliongezeka taratibu kuliko nchi kwa ujumla. Mkoa wa Pwani unaouzunguka, katika miaka hiyo hiyo kumi, ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Mtu yeyote anayepita Kibaha, Mkuranga au Kisarawe anaona maana ya hesabu hiyo kwa macho yake: mji umevuka mipaka yake, na wanaouvusha kwa sehemu kubwa ni watu wa mjini wenyewe. Ni mpangaji wa Buguruni aliyechoka kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, au mtoto aliyezaliwa Temeke ambaye sasa ana familia yake. Kijana aliyeshuka kwenye basi jana hana fedha ya kiwanja Chanika. Yeye atapanga chumba Manzese au Mbagala, na pengine baada ya miaka kumi na mitano ndipo atakapokuja kuwa jirani yenu.

Ndugu muulizaji, njia yenu imeliwa hivi. Mwenye shamba alifariki, warithi wakagawana, mmoja akauza kipande ili kulipa ada au matibabu. Dalali alileta wateja, wakapima kwa hatua za miguu, mjumbe akashuhudia, wakaandikiana. Mnunuzi naye, alipokwama kifedha, alikata nusu akaiuza. Katika mauziano yote hayo hakuna hata mmoja aliyekuwa na wajibu wa kuacha ardhi kwa ajili ya barabara, na kila mmoja aliamini kwamba jirani wa upande wa pili ndiye angeacha. Watu hawa hawakuvamia chochote, walinunua kwa fedha halali. Kilichokosekana ni mchoro ambao ungetangulia kabla yao.

Kuhusu kuwarudisha watu vijijini, tulianza zamani kuliko mwaka 1983. Wakoloni waliwakamata waliowaita wahuni na kuwarudisha makwao, nao wakarejea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya watu wasio na ajira walipelekwa Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni, kuanzisha kijiji cha ujamaa. Jina lile kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone". Miaka thelathini baadaye, katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, Gezaulole hiyo hiyo ilipimwa viwanja vya makazi ya mjini. Mji ulikifuata kijiji kule kule ulikokuwa umewapeleka watu ili wakae mbali nao. Mradi ule nausifu kwa moyo wote, kwa sababu wenye mashamba walilipwa fidia kwanza, barabara zikachongwa, ndipo viwanja vikauzwa. Ninachosikitikia ni kwamba kazi ya namna ile haikuendelezwa kwa kasi iliyolingana na mahitaji, nasi tukaendelea kulaumiana juu ya nani ametoka wapi.

Binti wa Iramba amejibu:

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni mmoja wa hao walioshuka kwenye basi. Nilikuja nikiwa na miaka 17 kufanya kazi za ndani, na leo ni mama lishe Mbagala. Mzee wa Tandika ameuliza shamba atalishika nani, nami ningependa kumjibu kwa adabu. Shamba la baba yangu ni la alizeti na mtama, nasi tumezaliwa saba. Likigawanywa, hakuna hata mmoja atakayevuna chakula cha kumfikisha msimu mwingine, hasa mwaka ambao mvua imechelewa. Kaka yangu mkubwa amebaki nalo lote, na mbegu pamoja na kibarua wa palizi hulipwa kwa fedha ninazomtumia kwa simu. Yeye baada ya mavuno hunitumia magunia ya mtama na madumu ya mafuta ya alizeti. Kwa hiyo, mzee wangu, kuondoka kwangu ndiko kulikolifanya shamba lile liendelee kulimwa.

Jambo jingine ambalo naona linasahaulika ni kwamba si wote wanaokuja Dar es Salaam. Wadogo zangu wawili wako Katoro, mkoani Geita, kwenye biashara zinazozunguka machimbo ya dhahabu. Mkoa ule ulitoka watu wasiofika milioni 1.8 mwaka 2012 hadi karibu milioni 3 mwaka 2022. Miji ya namna hiyo bado ina mashamba pembeni yake. Nawaomba wataalamu waiangalie sasa, kwa sababu haya ya Chanika yanaweza kuwakuta wadogo zangu kule.

Mkazi wa Chanika ameandika:

Dada, nashukuru sana, na wazee wangu pia. Nimeelewa kwamba nami, niliyetoka kupanga Vingunguti, ndiye mmoja wa hao waliousogeza mji hadi Chanika. Limebaki swali langu la pili.

Mpima Mstaafu amejibu:

Njia ipo, ndiyo hii ya urasimishaji, yaani kuyapima na kuyatambua rasmi makazi yaliyojengwa bila mpango, lakini ianzeni wenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote. Nimeona mitaa iliyochangishwa na kampuni za upimaji kabla majirani hawajakubaliana barabara ipite wapi, na kazi ikafia hapo. Waiteni wenye viwanja wa pande zote mbili za uchochoro, mpite nao kwa miguu, na mpime kwa tepu mahali penye ukuta na mahali penye uwazi. Mara nyingi utakuta nyumba yenyewe haijafika njiani, kilichozuia ni uzio, choo au mti. Kila upande ukiachia mita moja na nusu au mbili, gari la wagonjwa litapita. Atakayepoteza zaidi ya wenzake achangiwe na wote, na mkubaliane kiasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Andikeni, wote watie saini, wakiwemo wake ambao majina yao hayapo kwenye karatasi za mauziano, kwa maana nimeshuhudia makubaliano yakivunjika kwa sababu hiyo tu. Karatasi hiyo ndiyo mtakayoipeleka halmashauri ili iingizwe kwenye mchoro wa mipango miji. Msikawie, kwa sababu uwazi uliobaki leo unaweza kuuzwa kabla ya mwaka huu kwisha.